Upande Tusiosimama

Shubiri alikataa tena. Alikiendea kiunzi cha kijani vizuri tu, kisha ghafla akachimba mchanga kwa miguu ya mbele, akageuza kichwa, na Kibiriti akajikuta amekumbatia shingo ya farasi kama mtu aliyekutana na ndugu aliyepotea siku nyingi. Nyuma ya uzio mtu akacheka. Ilikuwa asubuhi ya Siku ya Wageni. Viti vya plastiki vilikuwa vinapangwa, na kila aliyebeba kiti alisimama kidogo atazame.

Shangazi hakucheka. Alikuja katikati ya uwanja kwa miguu yake iliyopinda, miguu ya mtu aliyekalia tandiko zaidi kuliko alivyokalia kiti, akashika hatamu na kumpapasa farasi mpaka pumzi ikatulia. Ndivyo alivyo: farasi kwanza, binadamu baadaye. Kisha akainua uso.

"Farasi hakatai," alisema. "Anakataa aliye juu, farasi anatii."

Maneno hayo Kibiriti alikuwa ameshayasikia kwa ladha zote. Tangu aanguke majira ya baridi na kuvunjika mtulinga, kila mtu pale zizini alikuwa na namna yake ya kuyasema. Fundi wa kwato, ambaye hakuweza kupiga msumari bila kupiga na mtu utani, alisema kibiriti kimelowa, na msemo huo ukazunguka mabanda yote kabla ya chai ya saa nne. Jina lenyewe alipewa utotoni kwa wembamba wake, na kwa namna alivyokuwa akiwaka akiguswa. Sasa alikuwa akiguswa na hawaki.

Shangazi akamwambia mpango, kwa sauti ya chini lakini si chini sana. Mchana, mbele ya wageni na mbele ya wakubwa wa chama cha michezo ya farasi, Kibiriti atamrusha Shubiri viunzi vyote. Akimaliza, ataingia katika timu. Farasi akikataa tena, basi kuanzia kesho Kibiriti atashika kamba.

Kushika kamba ni kazi ya kumtembeza farasi mpole kwenye duara huku mtoto wa mtu amekaa juu akipigwa picha. Si kazi mbaya. Lakini pale zizini hakuna aliyewahi kushika kamba akarudi kushika hatamu.

"Baba yako naye alianza hivihivi," Shangazi alimalizia, akaenda kuwaelekeza wapanga viti.

Hilo ndilo lililochoma. Baba yake Kibiriti alikuwa kaka wa Shangazi, na walisema zamani hakuna kiunzi alichokiogopa. Kisha farasi wake akaanza kukataa. Siku moja, katikati ya mashindano, watu wakiangalia, akasimamisha farasi, akashuka, akatoka uwanjani kwa miguu, na hakupanda tena. Sasa ana duka lake la kinyozi karibu na kituo cha basi, ukutani ameweka kioo na kalenda, picha ya farasi hakuna. Katika ukoo wao, mtu akiacha jambo nusunusu huulizwa kama naye ameshuka. Aliacha masomo? Ameshuka. Ameachika? Ameshuka. Baba mtu huyasikia haya kwenye harusi na misiba, hutabasamu, huendelea kula.

Alipokuja hospitali kumwona bintiye amefungwa bega, aliuliza swali moja tu: farasi alimwambia chochote kabla ya kuanguka? Kibiriti alisema hajui. Baba akatikisa kichwa kama mtu anayelifahamu jibu hilo, akamenya chungwa.

*

Alimrudisha Shubiri bandani akitembea upande wa kushoto wa shingo yake, kama ilivyo desturi. Farasi huongozwa kutoka kushoto, hutandikwa kutoka kushoto, hupandwa na kushukwa kutoka kushoto. Hata kwato za kulia, pale kwao walikuwa wakiziinua wakiwa kushoto, mkono ukipita chini ya tumbo, kwa sababu Shangazi alifundishwa hivyo, na aliyemfundisha alifundishwa hivyo. Ni kweli brashi hupigwa pande zote mbili, lakini anayepiga brashi hutazama mkia, si uso.

Akamfunga kwenye pete yake ya chuma ya siku zote, ukuta ukiwa kulia na mlango kushoto.

Shubiri alikuwa jike la rangi ya kahawa isiyotiwa maziwa. Jina lilikuwa chungu lakini tabia ilikuwa asali. Alianzia kwenye mashindano ya mbio, mbio zile za kuzunguka uwanja, na uwanja aliotoka ulizungukwa kwa kushoto tu, leo na kesho. Shangazi alimchukua alipoacha kushinda, akamfundisha kuruka. Kosa lake moja lilikuwa woga wa vitu vinavyopeperuka. Mfuko wa plastiki ukiruka ng'ambo ya barabara, Shubiri naye aliruka. Lakini siku hizi hata hilo lilikuwa limepungua, mara nyingi mifuko ilimpita asishtuke. Shangazi alifurahi, akasema farasi amekua, aliyebaki mtoto ni mpandaji.

Kibiriti akaegemeza paji la uso kwenye shingo yenye joto. Alijaribu kujichunguza kama mtu anavyojipapasa baada ya kuanguka, hapa panauma, hapa hapaumi. Alikuwa anaogopa? Alipokaribia kiunzi cha kijani, kweli, kitu kilikuwa kinamkaza tumboni. Lakini kilianza kwake, au kilianza chini yake, kwenye mgongo wa farasi, kikapanda? Vile vyekundu na vya njano alivipita bila tatizo. Usiku alikuwa akilala na swali hilo na asubuhi akiamka nalo, na kila siku jibu la watu wengine lilizidi kufanana na lake.

*

Wageni walikuja wengi kuliko viti. Binamu, mwana wa Shangazi, alipewa kipaza sauti kwa sababu moja tu: hakuna aliyeweza kumnyamazisha hata bila hicho kipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu michezo ya farasi, maana wengi walifikiri ni mmoja, yaani kukimbia, na anayetangulia anashinda.

Kibiriti alimsikia kutoka bandani. Alianza na mchezo wa madaha, Shangazi mwenyewe akiwa juu ya Karatasi, farasi mweupe mzee. Binamu aliwaambia wageni wasitafute kasi hapa. Hapa farasi anatembea, anakwenda telki, yaani mbio ndogondogo, anasogea ubavuubavu kama kaa, na waamuzi wanatazama kama amri inaonekana. Ikionekana, umepoteza alama. Mpandaji bora ni yule anayeonekana amekaa tu hafanyi kitu. "Kama jamaa yangu mmoja ofisini," alisema Binamu, "ila huyu analipwa alama." Watu wakacheka.

Wakaja wachezaji wanne wa polo, wenye magongo marefu na mpira mdogo mweupe, wakakimbizana mpaka majani yakang'oka. Binamu akaeleza kwamba katika polo anayefuata mstari wa mpira ana haki ya njia, na kumkata mbele ni kosa, si kwa adabu bali kwa sababu ya mifupa. Gari la farasi wawili likapita kati ya koni bila kuangusha mpira hata mmoja uliowekwa juu ya koni hizo. Mabinti wa sarakasi wakasimama wima juu ya mgongo wa farasi anayekimbia shoti, mikono wazi, na mama mmoja katika viti akasema kwa sauti kwamba wa kwake asijaribu hata kuota. Kwa mbio za masafa, Binamu alisimulia kwa mdomo tu, kwani huwezi kuonyesha safari ya kutwa nzima mbele ya watu wenye njaa. Alichotaka wakijue ni kwamba huko daktari wa wanyama humpima farasi njiani, na akikuta moyo unapiga mbio hautulii, safari imekwisha, hata kama wewe bado una nguvu za kwenda mpaka mbinguni.

Mtu mmoja akauliza mbona wote wanapandia kushoto. Binamu alilipenda swali. Akasema hapo kale mpanda farasi alikuwa askari, upanga ukining'inia nyonga ya kushoto. Ukipandia kulia unajikalia juu ya upanga wako. Upanga umekwisha, desturi imebaki. "Na siku ukimwona mtu anapandia kulia," aliongeza, "ujue amekodi."

Kibiriti alikuwa akimtandika Shubiri. Aliweka tandiko, akakaza mkanda wa tumbo, akangoja farasi atoe pumzi aliyoificha, akakaza tena. Akamfungua kwenye pete, akamtoa nje kwenye kivuli cha paa wangojee zamu yao.

Hapo ndipo alipokuja mama mwenye mtoto mgongoni, mgeni, mwenye tabasamu la mtu aliyekuja kufurahi. Hakuna aliyemweleza lolote. Alikuja tu kutoka upande uliokuwa karibu naye, kulia, akanyoosha mkono, akamgusa Shubiri shavuni.

Farasi aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alimbamiza Kibiriti kwenye mbao za banda, bega lilelile, akabaki anatetemeka, pua wazi, kichwa akikizungusha huku na huko kutafuta kilichomgusa. Mama alirudi nyuma na mtoto akaanza kulia. Fundi wa kwato alifika mbio, akamwambia mama kwa upole kwamba farasi hakaribiwi kulia.

"Pole, mwanangu," mama alimwambia Kibiriti. "Sikujua. Kwani kulia kuna nini?"

Kibiriti alikumbuka maneno ya Binamu. Ulikuwa upanga, na upanga haupo.

"Mimi nilidhani ananiona," mama alisema. "Nilikuja mbele ya jicho lake kabisa."

Alipoondoka, Kibiriti alishika hatamu fupi, akapita mbele ya pua ya farasi, akasimama kulia. Ulikuwa upande mgeni. Aliona alama nyeupe shavuni ambayo hakuikumbuka. Jicho lilikuwa wazi, jeusi, linang'aa, na ndani yake paa la banda lilionekana dogo. Lakini alipoinama likapata mwanga wa pembeni, kulikuwa na utando wa buluu, mwembamba, kama maziwa tone moja ndani ya glasi ya maji.

Alitoa kipande cha karoti mfukoni, akakishika kimya, mbali kidogo na pua, upande huohuo. Shubiri alipata harufu. Midomo ikaanza kutafuta. Akatafuta mbele, akatafuta chini, akatafuta kushoto, akageuka nusu duara akitafuta kushoto, na karoti iko palepale kulia, mbele ya jicho lake.

Kibiriti akampa ile karoti mdomoni. Aliviona viunzi vyote kichwani kwa mara moja. Siku zote uwanja wao ulizungukwa kwa kushoto, na Shubiri hakuwa na neno. Mwaka huu uligeuzwa ili wageni wakae kivulini, na kiunzi cha kijani kikawa baada ya kona ya kulia. Siku alipoanguka, ilikuwa kona ya kulia. Farasi alikuwa akiambiwa aruke kitu ambacho kwake kilitokea gizani, hatua chache mbele ya kifua. Na mifuko ya plastiki isiyomshtua tena ilikuwa yote ya upande huu.

Hakufurahi. Alitegemea kwamba siku akijua hakuogopa atafurahi, lakini kilichomjia kwanza ni mara ngapi alimpiga mateke ya ubavuni amlazimishe.

*

Shangazi alikuwa akishuka kutoka kwa Karatasi, jasho likimtiririka chini ya kofia, na wageni walikuwa bado wanampigia makofi. Kibiriti akamwambia pale pale. Alijaribu kuliweka vizuri, lakini lilitoka limepinda.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. "Juzi ilikuwa upepo," alisema. "Jana ilikuwa mchanga. Leo ni jicho."

"Njoo umwone, Shangazi. Njoo usimame kulia."

Alikuja. Hilo lazima lisemwe, alikuja. Lakini alikuja kama mtu anayekwenda kuthibitisha uongo, huku Binamu tayari ametangaza viunzi na anavuta muda kwa kueleza kuwa ukiangusha mti ni alama nne za adhabu, na farasi akikataa ni nne nyingine, na kuanguka ni kwenda nyumbani. Shangazi akalitazama jicho kutoka mbele, likamtazama. Akaupunga mkono mbele yake, haraka, kama anayefukuza nzi. Shubiri akapepesa.

"Huyo amepepesa nini?"

"Umempepea upepo," alisema Kibiriti. "Hata kipofu ukimpepea anapepesa."

Fundi wa kwato akajifanya anatafuta kitu kwenye sanduku lake. Uso wa Shangazi ulikuwa umebadilika rangi, na Kibiriti alielewa, akiwa amechelewa, alichokuwa amekisema. Hakuwa amesema farasi ni mgonjwa. Alikuwa amesema mkufunzi, aliyemlisha huyu farasi kwa mkono wake tangu siku aliyoshushwa kwenye lori, ameishi na jicho lililokufa asilione.

"Hakuna aliyeliona," aliongeza upesi. "Hata mimi. Hatusimami huko."

"Nipe hatamu."

"Shangazi, usimpande."

"Kaa kivulini, binti. Kaka yangu alikuwa na maneno mazuri kuliko haya, na bado alishuka."

Akaweka mguu kwenye kikuku, kushoto, akapanda kwa wepesi wa msichana. Akafupisha hatamu. Alikuwa na umri wa kuwa bibi, na mgongo wake ulikuwa umeshafanyiwa upasuaji, na alikuwa anakwenda kumgeuza farasi mwenye jicho moja kwenye kona ya kulia mbele ya kiunzi kinachomfika mtu kifuani. Naye hangemwachia farasi nafasi ya kukataa. Kibiriti alipolazimisha, Shubiri alikataa. Shangazi akilazimisha, Shubiri asingethubutu kukataa. Angeruka asichokiona.

Binamu akatangaza, kwa mshangao wa kweli, kwamba mama yake mzazi ameamua kuwaonyesha vijana kazi, na yeye kama mrithi hana pingamizi.

*

Kiunzi cha njano kilipitwa vizuri. Chekundu kilipitwa. Vyote vilikuwa vya kushoto. Mikono ya Shangazi ilikuwa imetulia, na Kibiriti, aliyekuwa amesimama kwenye upenyo wa uzio, aliona jinsi ilivyo vizuri kuwatazama na akatamani kulia.

Angepiga kelele, lakini kelele ingemshtua farasi akiwa hewani. Angemwomba Binamu aseme kwenye kipaza sauti, lakini Binamu alikuwa ng'ambo ya uwanja, na mama yake hajawahi kumsikiliza popote.

Kulikuwa na taulo jeupe limeanikwa juu ya mti wa uzio, la kufutia jasho la farasi. Alilichukua. Akainama, akapita chini ya mti, akaingia uwanjani.

Alikimbia mpaka kwenye kona, akasimama ndani yake, upande wa kulia wa njia ambayo Shubiri angepita, karibu kiasi cha kuweza kumgusa. Aliwaza haraka, na hesabu ilikuwa nyepesi. Kama Shangazi yuko sahihi, Shubiri ataliona taulo, ataruka pembeni, atakiacha kiunzi, na Kibiriti atashika kamba maisha yake yote kwa kosa la kuharibu Siku ya Wageni. Kama yeye ndiye yuko sahihi, farasi hataona chochote, na aliye juu yake ataona kwamba farasi haoni.

Walikuja. Ardhi ilikuwa inasema chini ya miguu yake. Aliona kifua cha farasi, povu mdomoni, uso wa Shangazi ukifunguka kwa hasira. Akanyanyua taulo kwa mikono miwili na kulitikisa juu, chini, kimya, kama mtu anayeaga meli, sentimita chache kutoka kwenye lile jicho zuri jeusi.

Shubiri, aliyewahi kumtupa mtu mtaroni kwa ajili ya karatasi ya pipi, hakutikisa hata sikio.

Aliendelea kukata kona kama hakuna kitu, kama hakuna mtu, na kwa sababu hakumwona akampitia. Bega la farasi likampiga Kibiriti kifuani. Anga ikageuka, na mchanga ukamjaa mdomoni.

Alipoinua kichwa, aliwaona kutokea nyuma. Shangazi alikuwa amelala nyuma kabisa, hatamu zote mikononi, akimvuta Shubiri kushoto, kushoto, mbali na kiunzi cha kijani. Wakapita ubavuni mwake. Mti wa juu ukaguswa na kikuku, ukayumba, ukatulia mahali pake. Wakasimama.

Kisha Binamu, Mungu ambariki, akasafisha koo na kuwaambia wageni kwamba kuna vinywaji upande wa pili wa mabanda, na kwamba waende sasa, kwa utaratibu, kabla wachezaji wa polo hawajavigundua.

*

Kibiriti alifika kwao akichechemea. Shangazi alikuwa bado juu, hajasogea. Alikuwa anayatazama masikio ya farasi.

"Hakuliona," alisema. Hakuwa akimwambia mtu.

Akatoa mguu kwenye kikuku. Akasita, kisha akaupitisha mguu wa kulia kwenda kushoto, halafu akaurudisha, na polepole, kwa shida, kama mwanagenzi wa siku ya kwanza, akashukia kulia. Mtu alipokanyaga chini upande huo Shubiri alishtuka, akasogea, na Shangazi nusura aanguke. Akajishikilia kwenye tandiko. Akamsemesha farasi mpaka akatulia, kisha akasogea mpaka usoni, akanyanyua kidole kimoja, akakileta taratibu, taratibu sana bila upepo wowote, mpaka ukucha ukawa karibu kugusa kope.

Jicho lilibaki wazi.

Alishusha mkono. Shangazi hakuwa mtu wa kuomba radhi, na pale pia hakuomba. Akamfuta yule farasi povu mdomoni kwa mkono wa shati lake la mashindano, lile jeupe.

"Hataruka tena," alisema. "Siyo na mimi, siyo na wewe."

"Najua."

"Umeumia?"

"Kidogo."

"Bega?"

"Kidogo, Shangazi."

Wageni walikuwa wanasukumana kuelekea kwenye vinywaji. Wakubwa wa chama walikuwa wamesimama kwa kikundi, wanazungumza na kuchungulia saa. Nafasi yake katika timu haikuwepo tena, Kibiriti aliliona hilo bila kuambiwa: farasi wa kuruka alikuwa mmoja. Lakini kulikuwa na swali lingine, lilikuwa naye tangu alipoanguka kwenye mchanga, na aliogopa kuliuliza kuliko alivyowahi kuogopa kiunzi.

"Yule farasi wa baba," alisema. "Alikuwa anakataa kona zote?"

Shangazi hakugeuka. "Alikuwa farasi mzuri."

"Sijauliza hivyo."

"Aliuzwa mwezi uleule. Mimi ndiye niliyemuuza."

"Shangazi."

"Sikumbuki," alisema Shangazi. Akaipitisha hatamu juu ya kichwa cha Shubiri, akaikunja, akaikunjua. "Nakumbuka," alisema baadaye kidogo.

Wakaanza kumtoa farasi uwanjani. Shangazi alishika kushoto, kama siku zote. Kibiriti alibaki kulia, kiganja juu ya shingo, akizungumza maneno yasiyo na maana, niko hapa mama, niko hapa, ili sauti ifanye kazi ya jicho. Haikuwa rahisi. Shubiri hakuwahi kuongozwa na mtu upande huo. Alimkanyaga mguu mara moja, akamsukuma mara mbili. Fundi wa kwato aliwafungulia lango, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na utani.

Mbele ya banda Shangazi alisimama. Alitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Kinyozi anafunga saa ngapi leo?"

"Leo hafungui," alisema Kibiriti. "Yuko nyumbani."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Aliingia bandani, akaishika ile pete ya ukutani, akaitikisa kama anayepima jino. Kisha akamwita fundi alete nyundo, aing'oe, aipigie ukuta wa pili, ili kila aingiaye asimame kulia. Fundi akauliza kwani leo leo. Shangazi akasema leo. Wakasimama nje wote watatu wakingoja, yeye, mwana wa kaka yake na farasi, wakisikiliza nyundo ikigonga ndani, na kila ilipogonga Shubiri alikigeuza kichwa chake chote, mpaka jicho zima likafika, apate kuona ni nini.